Dirisha Linasema Tayari, Nakala Ina Sifuri: Jinsi Sasisho la Mfumo Linavyoweza Kuharibu Kazi ya Kunakili

Katika barabara zenye namba za Ngamiani, Tanga, hakuna kazi ya kompyuta inayofanywa mara nyingi kuliko kukopi. Steshenari hukopi ripoti za wanafunzi kutoka kwenye flashi kabla ya kuchapa. Mpiga video za harusi humimina memori kadi zake kwenye eksteno usiku uleule, maana kesho kadi hizohizo zina kazi Pongwe. Mwalimu hubeba mitihani kutoka nyumbani hadi shuleni. Wapenzi wa taarabu waliobadili kanda za enzi za Black Star na Lucky Star kuwa mafaili hugawiana kwa flashi, nyumba hadi nyumba. Kazi hii imezoeleka kiasi kwamba ikiharibika lawama huwa tayari mdomoni: flashi feki, virusi, umeme ulikatika. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Lakini yapo matukio yaliyothibitishwa ambapo flashi ilikuwa nzima, umeme ulikuwepo, virusi havikuwepo, na kilichoharibu nakala ni mfumo endeshi wenyewe baada ya kusasishwa.

Jambo hili huwachanganya hata mafundi, kwa hiyo tulifungue taratibu. Inawezekanaje kazi ambayo kompyuta zimeifanya tangu enzi za disketi iharibike kwa sababu ya sasisho? Inawezekana kwa sababu kazi yenyewe si ileile tena. Jina limebaki kunakili, ila yanayofanyika chini ya jina hilo yamebadilika mara nyingi, na kila badiliko lilikuja ndani ya sasisho fulani.

Tabaka juu ya tabaka

Tunavyodhani, kompyuta husoma faili upande mmoja na kuliandika upande wa pili, baiti kwa baiti, hadi liishe. Zamani ilikuwa karibu hivyo. Leo, kati ya kidole chako na flashi kuna tabaka kadhaa. Programu unayoiona, ile yenye mstari unaojaa taratibu, haifanyi kazi yenyewe. Huuomba mfumo endeshi. Mfumo endeshi huipitisha data kwenye kache, yaani sehemu ya RAM inayotunza vitu kwa muda. Chini ya kache kuna mfumo wa mafaili, unaojua kila faili liko kwenye vipande gani vya diski. Chini yake kuna kiendeshi, yaani programu inayozungumza na kifaa, na chini kabisa kifaa chenyewe, ambacho nacho aghalabu kina kache yake. Tabaka hizi zimeandikwa na watu tofauti na husasishwa kwa nyakati tofauti. Kila moja huamini linachoambiwa na jirani yake.

Hapo kwenye kuamini ndipo matatizo yote ya makala haya yanapoanzia.

Chukua kache. Data ikishaingia kwenye kache, programu huambiwa kazi imekwisha, ilhali kwenye diski bado haijafika. Ndivyo ilivyokuwa kwenye Windows XP: dirisha la kunakili lilifungwa, mtu akashukuru, na huku nyuma kompyuta ikaendelea kuandika. Windows Vista ilipotoka kwa umma Januari 2007, Microsoft ilikuwa imebadili utaratibu, na mafaili makubwa yakawa yanaandikwa bila kupitia kache. Malalamiko yakafuata kwamba Vista ni nzito kunakili. Mark Russinovich, mhandisi wa Microsoft, alieleza mwanzoni mwa 2008, wakati SP1, furushi la kwanza kubwa la marekebisho ya Vista, inatoka, kwamba sehemu ya uzito huo ulikuwa wa macho tu: XP ilifunga dirisha kazi ikiwa haijaisha, Vista ilisubiri. Sehemu nyingine ilikuwa kweli, na kwa hiyo SP1 ikarudisha matumizi ya kache kwa sehemu kubwa.

Naona kisa hicho cha Vista ni muhimu kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa kinaonyesha kwamba dirisha la kunakili halijawahi kuwa ushahidi. Ni tabaka la juu linalokupa habari ya ahadi lililopewa na tabaka la chini. Ndiyo maana flashi ikichomolewa sekunde ileile dirisha linapofungwa, faili linaweza kufika nusu. Kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, Microsoft iliweka utaratibu wa kuondoa haraka uwe ndio wa kawaida kwa vifaa vya USB, yaani Windows haikawizi tena data kwenye kache kwa ajili ya flashi. Umesaidia sana. Hata hivyo kama taa ya flashi yako bado inapepesa, iache imalize.

Kasi iliyopotea njiani

Tuanze na kosa jepesi, lisiloharibu data ila linalokula muda. Toleo la 22H2 la Windows 11 lilitoka tarehe 20 Septemba 2022. Punde baadaye Microsoft ikakiri kwamba kunakili mafaili makubwa, yale ya gigabaiti kadhaa, kutoka kompyuta ya mbali kuja kwenye mashine yenye 22H2 kulipungua kasi kwa karibu asilimia 40. Mwanzoni ilidhaniwa kosa liko kwenye SMB, itifaki ambayo Windows huitumia kupeana mafaili kupitia mtandao. Kumbe halikuwa la SMB peke yake: hata kunakili ndani ya kompyuta ileile kungeweza kuathirika.

Njia ya kulikwepa iliyotolewa ilikuwa kutumia amri za kunakili za Windows, `robocopy` au `xcopy`, pamoja na swichi `/J`. Swichi hiyo huelekeza kunakili bila kupitia kache ya mfumo, na imekusudiwa mafaili makubwa. Ukifikiri vizuri, ushauri huo wenyewe unadokeza ugonjwa ulipokaa: njia ya kupitia kache ndiyo iliyokuwa imezorota, njia ya kuizunguka ilibaki salama. Kwa mtu wa video za harusi anayehamisha gigabaiti 200 kila Jumapili, asilimia 40 ni tofauti kati ya kulala na kukesha, na hakuna eksteno mpya ambayo ingemponya.

Kuhamisha ni kunakili na kufuta

Kosa zito zaidi liliwapata watumiaji wa Mac. Toleo la 10.5, Leopard, lilitoka tarehe 26 Oktoba 2007. Ndani ya wiki chache ikagundulika kwamba mtu akihamisha folda kutoka kwenye Mac kwenda diski nyingine, halafu diski ile ikatoweka katikati ya kazi, kwa waya kulegea au mtandao kukatika, Finder, programu ya Mac ya kushughulikia mafaili, ilifuta folda ya asili hata kama nakala haikukamilika. Upande wa pili hakuna faili, upande wa kwanza nako hakuna. Sasisho la 10.5.1, tarehe 15 Novemba 2007, lilitaja waziwazi kwamba linarekebisha uwezekano wa kupoteza data wakati wa kuhamisha mafaili kati ya sehemu za diski.

Wengi hawajui kwamba kuhamisha kuna sura mbili. Ukihamisha faili ndani ya diski ileile, kompyuta haigusi data. Inabadilisha tu anwani. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Ukihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine, kompyuta hunakili kwanza, kisha hufuta. Kwa jicho ni kitendo kimoja, kwa ndani ni viwili, na usalama wako wote uko kwenye neno “kisha”. Leopard ililikosea neno hilo. Ndiyo sababu sikubaliani na mazoea ya kukata na kubandika kutoka memori kadi kwenda kwenye laptopu. Nakili. Hakikisha. Kufuta kufanyike baadaye, kwa mkono wako mwenyewe.

Novemba 2023: faili lenye matundu yasiyokuwepo

Sasa kisa chenye fundo hasa. Kinahusu ZFS, mfumo wa mafaili uliozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems, msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2005, na ambao leo huendelezwa kwa jina la OpenZFS kwenye mifumo endeshi ya Linux na FreeBSD. Si mfumo wa laptopu za steshenari. Hukaa kwenye seva na kwenye masanduku ya kuhifadhia data. Watu huuchagua kwa sababu moja kubwa: kila kipande cha data huandikwa pamoja na hashi yake, yaani namba inayokokotolewa kutokana na data hiyo. Kipande kikisomwa, hashi hukokotolewa upya na kulinganishwa. Diski ikioza hata biti moja, ZFS hujua. Mtu anayeogopa kupoteza mafaili hukimbilia huko.

Tarehe 13 Oktoba 2023 OpenZFS 2.2.0 ikatoka, ikiwa na uwezo mpya: ukinakili faili ndani ya hifadhi ileile, haiandiki data mara ya pili, bali faili jipya huelekezwa kwenye vipande vilevile vya faili la zamani. Nakala ya papo hapo, bila kula nafasi. Mwezi uliofuata mtumiaji wa Gentoo, mmoja wa mifumo ya Linux, akisakinisha lugha ya programu ya Go, akakuta baadhi ya mafaili yaliyonakiliwa yana sehemu za sifuri tupu. Jina sahihi, ukubwa sahihi hadi baiti ya mwisho, hakuna ujumbe wowote wa kosa, katikati, sifuri.

Mshukiwa alikuwa dhahiri: uwezo mpya. Tarehe 21 Novemba likatoka toleo la 2.2.1 lililouzima. Wengi wakadhani shauri limekwisha. Lakini waliokuwa wakijaribu kwa bidii kulizalisha kosa upya wakagundua kwamba linatokea pia kwenye toleo la 2.1, ambalo uwezo ule halikuwa nao kabisa. Aliyetiwa pingu hakuwa mkosaji.

Ili kumwelewa mkosaji, yabidi kujua matundu. Yako mafaili makubwa ambayo sehemu kubwa ndani yake ni sifuri, mathalani diski ya kompyuta pepe ya gigabaiti 100 ambayo imetumika gigabaiti 8 tu. Kuandika sifuri zote hizo ni upotevu, kwa hiyo mfumo wa mafaili huweka kumbukumbu tu: kuanzia hapa hadi pale hakuna kitu. Sehemu hiyo huitwa tundu. Ukilisoma, unapewa sifuri. Programu ya kunakili inaweza kuuliza mapema: data inayofuata inaanzia wapi, na tundu linaanzia wapi? Ikijibiwa, huruka tundu na kunakili data peke yake. Septemba 2021, toleo la 9.0 la coreutils, furushi lenye `cp`, amri ya kunakili kwenye mifumo mingi ya Linux, lilianza kutumia njia hii ya kuuliza kwa mafaili yanayoonekana kuwa na matundu. Faili lililoandikwa sasa hivi kwenye ZFS huweza kuonekana hivyo, kwa kuwa data yake bado haijapewa nafasi kwenye diski.

Kwa upande wake, ZFS haiandiki kila kitu papo hapo. Hukusanya mabadiliko kwenye RAM, kisha huyashusha kwenye diski kwa mkupuo, kwa kawaida kila baada ya sekunde chache. Kwa hiyo ikiulizwa habari za matundu, lazima kwanza ijiulize: je, faili hili lina mabadiliko ambayo hayajashushwa? Kama yapo, haipaswi kujibu kwa kutazama diski. Kosa lilikuwa kwenye swali hilo la ndani. ZFS ilitazama mahali pamoja tu, nayo palikuwa na kitambo kifupi mno, wakati wa kushusha, ambapo faili lilionekana halina deni ilhali data yake mpya bado iko RAM. Swali la `cp` likiangukia kwenye kitambo hicho, jibu lilikuwa: hapa pana tundu.

Mfikirie mtunza ghala la katani bandarini. Robota zimeshushwa mlangoni, wapagazi hawajazipanga, na leja haijaandikwa. Anakuja karani kuuliza rafu gani zina mzigo ili akazihesabu. Mtunza ghala anafungua leja, anasema rafu ya 3 hadi ya 7 ni tupu. Karani haendi kutazama. Anaandika sifuri na kuondoka. Robota hazijaibiwa, na saa moja baadaye zitakuwa mahali pake. Hesabu ya karani ndiyo iliyoharibika, nayo itabaki hivyo milele.

Kilichotokea kwenye nakala ni hicho. Faili la asili lilikuwa salama. Ungelisoma muda mfupi baadaye ungelikuta zima. Nakala ndiyo iliyopata sifuri. Na zile hashi zinazosifiwa hazikuweza kusaidia, kwa sababu ZFS ilikabidhiwa sifuri, ikaandika sifuri, ikaweka hashi sahihi ya sifuri. Ungeamuru ikague hifadhi nzima, ingejibu hakuna kasoro, na ingekuwa inasema kweli. Ulinzi ule ulikuwa dhidi ya diski inayosahau, nao hauna uwezo juu ya programu iliyoandika kitu kisicho.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo: kabla ya kusema faili halina deni, tazama mahali pote pawili, si pamoja. Yalitoka tarehe 30 Novemba 2023 katika matoleo ya 2.2.2 na 2.1.14. FreeBSD, ambayo ilikuwa imetoa toleo lake la 14.0 siku kumi tu kabla, nayo ikatoa marekebisho kwa watumiaji wake. Kosa lenyewe lilikuwa limelala ndani ya msimbo kwa miaka.

Basi sasisho lipi lililileta? Hapa ndipo watu wengi hupotea. `cp` ya 2021 haikuwa na kosa. Iliuliza swali halali. Nakala ya papo hapo ya 2023 ilitiliwa shaka kwa kuwa ilikuwa ngeni. Kosa lilikuwa kongwe kuliko zote mbili, ila zamani karibu hakukuwa na aliyeuliza swali lile katika sekunde ile. Programu zilipoanza kuuliza mara kwa mara, na kompyuta zikawa na viini vingi vinavyofanya kazi sambamba, kitambo kile kifupi kikaanza kugongwa. Sasisho halikuleta ugonjwa. Lilimpeleka mgonjwa mahali ambapo ugonjwa ungeonekana.

Kwa hiyo fundi akikwambia “ondoa sasisho la jana”, huenda dalili zikaisha kweli, na bado asiwe amegusa chanzo.

Kabla ya kuulaumu mfumo

Pamoja na hayo, kesi nyingi zinazofika mezani kwa mafundi wetu hazitokani na sasisho, na ni dhuluma kulisingizia. Faili likikataa kuingia kwenye flashi likiwa na ukubwa wa zaidi ya gigabaiti 4 huku nafasi ikiwa tele, flashi imeumbwa (yaani imefomatiwa) kwa FAT32, mfumo wa mafaili ambao faili lake haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. Iumbe kwa exFAT na suala limekwisha (lakini toa vilivyomo kwanza, maana kuumba upya hufuta kila kitu).

Flashi feki ni balaa la namna nyingine. Kuna flashi zinazouzwa zikiwa zimeandikwa ukubwa zisio nao. Kidude cha ndani kimefundishwa kudanganya. Ukizijaza, hupokea kila kitu, dirisha likasema tayari, halafu mafaili ya mwisho hayafunguki au yameandikwa juu ya yale ya mwanzo. Dalili zake zinafanana mno na kosa la mfumo endeshi, ndiyo maana inafaa kuipima flashi mpya kwa programu kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, ambazo huijaza kisha husoma zilichoandika. Fanya hivyo siku unayoinunua, kabla haijabeba harusi ya mtu.

Kosa la sasisho lina tabia zake. Huanza baada ya tarehe inayoweza kutajwa. Hutokea kwenye flashi zaidi ya moja, za kampuni tofauti. Mafaili yaleyale, flashi ileile, kwenye kompyuta ambayo haijasasishwa, hunakiliwa salama. Ukiyapata hayo matatu kwa pamoja, una sababu ya kuutazama mfumo. Likiwapo moja tu, endelea kutafuta kwingine.

Kulinganisha kunafanywaje

Kuhesabu mafaili hakutoshi, na kutazama ukubwa hakutoshi: nakala za ZFS za 2023 zilikuwa na ukubwa uleule. Kufungua video na kuitazama dakika ya kwanza hakutoshi pia, kwa kuwa sifuri zinaweza kuwa dakika ya arobaini, bibi harusi anapoingia ukumbini. Kinachotosha ni kulinganisha yaliyomo, na kompyuta yako tayari ina vifaa vya kufanya hivyo bila kununua chochote.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256` kwa faili la asili, kisha kwa nakala. Utapata mistari miwili mirefu ya herufi na namba. Ikifanana, mafaili ni mamoja. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, nakala si sawa. Kwenye Linux amri ni `sha256sum`, kwenye Mac ni `shasum -a 256`. Ukitaka kulinganisha mafaili mawili moja kwa moja kwenye Windows, tumia `fc /b` ukifuatisha majina yote mawili. Kwa folda nzima, `rsync` kwenye Linux na Mac ikiwekewa `-c` hulinganisha yaliyomo badala ya kuridhika na tarehe na ukubwa. Angalia kwamba `robocopy`, pamoja na uzuri wake, hairudi nyuma kulinganisha yaliyomo baada ya kunakili.

Kuna mtego ambao hata wazoefu hunaswa nao. Ukinakili kisha ukalinganisha papo hapo, kompyuta inaweza kuisoma nakala kutoka kwenye kache badala ya kuisoma kutoka kwenye flashi. Hapo unalinganisha RAM na asili. Flashi yenyewe hujaigusa. Kwa hiyo itoe flashi kwa utaratibu, ichomoe, ichomeke tena, ndipo ulinganishe. Ni dakika moja ya ziada, na ndiyo inayotenganisha kuhakiki na kujifariji.

Je, ufanye hivyo kwa kila faili? Hapana. Ripoti ya kuchapwa mara moja haihitaji. Kitu ambacho asili yake itafutwa kinahitaji: memori kadi inayorudi kazini, kanda iliyokwishaoza na imebaki faili tu, laptopu inayouzwa. Kipimo changu ni hicho. Kama asili inabaki, kosa linaweza kusubiri. Kama asili inaondoka, linganisha kabla haijaondoka.

Bando, na masasisho yanayofika kwa mafungu

Ushauri mwingi kuhusu masasisho hudhani kompyuta iko mtandaoni muda wote. Kompyuta nyingi hapa huishi kwa bando la simu. Wenye nazo huweka ule mpangilio unaoiambia Windows kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, na masasisho mengi husimama. Halafu siku moja laptopu inakutana na WiFi ya ofisini au ya hotelini Raskazone, na masasisho ya miezi kadhaa yanaingia kwa usiku mmoja.

Hali hii ina pande mbili. Upande mmoja hukukinga: kosa lililotoka Oktoba na kurekebishwa Novemba huenda usilione kabisa. Upande wa pili ni hatari kuliko kwa mwenye mtandao wa kudumu. Unaweza kupata toleo lenye kosa siku ya WiFi, kisha ukarudi kwenye bando na kukaa nalo kwa miezi, ilhali dawa ilishatoka. Pia, masasisho yakiingia kumi kwa pamoja, ni shida kujua lipi lilibadili nini.

Kwa hiyo usisasishe usiku wa kuamkia kazi kubwa, na ukishaanza kusasisha maliza, hadi Windows iseme hakuna lililobaki. Likiwa ni toleo jipya zima, Windows hukuruhusu kurudi nyuma ndani ya siku 10 kwa kawaida. Zikipita, mafaili ya toleo la zamani huondolewa. Jaribu kunakili na kulinganisha faili moja kubwa ndani ya siku hizo.

Ukilikuta, liripoti hivi

Toleo la 1809 la Windows 10 lilianza kutolewa tarehe 2 Oktoba 2018, na baada ya siku chache Microsoft ikalisimamisha kwa sababu lilikuwa likifuta mafaili ya baadhi ya watu. Walioathirika ni waliokuwa wamehamishia folda kama Documents au Pictures mahali pengine huku mafaili mengine yakibaki kwenye folda ya zamani; sasisho liliiona folda ya zamani kuwa haina kazi tena, likaifuta pamoja na vilivyomo. Microsoft ilisema taarifa zilizowafikia ni sawa na sehemu moja ya mia ya asilimia moja ya waliosakinisha. Ni mtu mmoja kati ya elfu kumi. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba 2018. Kilichoumiza ni kwamba watu waliolijaribu mapema walikuwa wameripoti kupotea kwa mafaili kwenye Feedback Hub, programu ya Windows ya kutoa maoni, na ripoti zao zikazama katikati ya maelfu. Baada ya hapo Microsoft ikaongeza mahali pa mtoa taarifa kueleza uzito wa tatizo.

Ripoti isiyozama ni ile inayomwezesha mtu wa mbali kulizalisha kosa mezani kwake. Andika namba kamili ya toleo, ambayo kwenye Windows utaiona kwa amri ya `winver`. Taja sasisho la mwisho na tarehe yake, aina ya kifaa na namna kilivyoumbwa, ukubwa wa faili, na kama ulinakili au ulihamisha. Weka hashi zote mbili, ya asili na ya nakala. Eleza kama kosa hutokea kila mara au mara mojamoja, maana kosa la ZFS lilikuwa la mara mojamoja na lilinaswa baada ya watu kuandika skripti ya kunakili mafaili mengi kwa mfululizo hadi moja liharibike. Na nakala iliyoharibika usiifute. Ile sehemu yenye sifuri, mahali inapoanzia na urefu wake, ndicho kitu cha kwanza ambacho mtengenezaji atataka kukiona.